Harufu Tamu Ndani ya Gari

Gari lilikuwa limeshaanza kufuka mvuke, na Bosi bado anakanyaga mafuta.

Ndivyo alivyo. Jina la Bosi alipewa na ndugu zake kwa kejeli, yeye akalipokea kama cheo. Siku hiyo alikuwa akikatisha jangwa na mama yake kiti cha nyuma, mama aliyeamka alfajiri akiharisha na kutapika, na hospitali iko ng'ambo ya mchanga ule. Kando ya mama alikaa mdogo wake Bosi, fundi cherehani, akimnywesha kwa kijiko maji ya dumu pekee walilobeba. Alishamwambia kaka yake gari linanuka, harufu tamu kama sharubati inayochemka. Akajibiwa afunge mdomo, ni watoto wa Bosi mwenyewe waliomwaga juisi humo. Na Bosi, ambaye biashara yake ni manukato, alikuwa kila asubuhi analimwagia zulia la gari manukato. Jamani! Gari linaumwa, yeye analipaka marashi.

Injini ikakohoa, ikazima. Mchanga pande zote, simu hazishiki, na ile harufu tamu sasa imechanganyika na ya chuma kilichoungua.

Bosi alifungua boneti, akarudi mbio kuchukua dumu. Mdogo wake akaling'ang'ania.

"Hili ni la mama."

"Bila gari mama atafia hapa."

"Na bila maji atafia njiani. Yaliyokuwamo kwenye injini yamekwenda wapi, kaka? Umeangalia?"

Bosi akafoka. Alisema yeye anaendesha magari tangu mwenzake ananyonya, na hafundishwi kazi na mtu wa sindano. Wakavutana, watu wazima na akili zao, mpaka maji mengine yakamwagika. Mama aliyatazama yakinywewa na mchanga.

Fundi cherehani alilikumbatia dumu kwa mkono mmoja. Kwa mwingine akaling'oa zulia la mbele, upande wa abiria. Chini palikuwa chepechepe, panateleza, pana majimaji ya kijani. Akachovya kidole, akakipeleka puani kwa kaka yake.

"Nusa."

Bosi akanusa, akanywea. Juisi gani? Ilikuwa dawa ya rejeta, ile ya kupoza injini, inavuja kutoka kwenye hita, kipasha joto kilicho chini ya dashibodi, na manukato yake ndiyo yaliyokuwa yakiificha. Angelimimina dumu zima, lingeishia kwenye zulia.

Kazi Bosi aliijua, hilo tusimnyime. Walisubiri injini ipoe huku mama wamemfunika shuka asiungue na jua. Kisha akaichomoa mipira miwili iliyopeleka maji kwenye hita, mmoja akauzungusha urudi kwenye injini moja kwa moja, akaukaza kwa waya. Wakamimina kwanza maji ya kuoshea kioo. Ya dumu mdogo wake aliyapima mwenyewe kwa kikombe, na alipoona yanatosha akafunga kifuniko bila kuomba ruhusa.

Wakaenda polepole, madirisha wazi. Sasa Bosi ndiye aliyekuwa akiuliza, "Unasikia harufu gani?" Akiambiwa ya kuungua, anasimama na kungoja. Kila waliposimama mama alizidi kulegea, na kijiko kikawa kinagonga meno yake maji yakitiririkia shingoni. Mdogo wake alilia kwa ghadhabu, akimsemesha mama asilale. Dumu lilikuwa tupu walipoingia lango la hospitali, na muuguzi akambeba mama mikononi bila kungoja machela.

Jioni, dripu mkononi, sauti ya mama ilirudi. Bosi alipiga magoti kando ya kitanda. Hata hapo hakuweza kuuliza kwa upole: mbona mama alikuwa hoi vile alfajiri tu, ugonjwa gani huo wa kuanza ghafla?

"Haukuanza alfajiri," mama akasema. "Naharisha tangu juzi. Nilinyamaza. Ningekuambia nini, baba? Wewe huambiliki."

Mdogo wake alikuwa amejiwekea maneno makali njia nzima. Aliyaacha. Bosi alikuwa ameketi sakafuni analia bila kujificha, na mama yake hakumbembeleza.