Mkono Unaongoja Fidia

Kila asubuhi mama mshonaji aliwasha jiko, kisha akaanza kubishana na mumewe. Siku hizo ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, nao ni mkono.

Mumewe alikuwa fundi seremala. Msumeno wa mashine ulimkata kiganja cha kulia akiwa kazini. Alifungwa bandeji siku ile ile, akaambiwa arudi hospitali kusafishwa kidonda. Hakurudi ng'o. Mwajiri alisema fidia itatoka kwa watu wa bima, nao watakuja kumwona. Basi fundi akashikilia hapo hapo.

"Mkono ukipona, nitawaonyesha nini?" alisema. "Kidonda hiki ndicho shahidi wangu."

"Shahidi wako ameanza kunuka," mkewe akamjibu.

Fundi alicheka. Mkewe hakucheka. Vidole viwili vilikuwa vimevimba na havikunjiki, na seremala asiyeweza kushika randa ni seremala wa jina tu. Pesa ya matibabu yenyewe hawakuwa nayo, maana fundi alikuwa halipwi tangu aumie. Mama alishona mpaka macho yakamuuma, lakini cherehani ile ililisha watoto, basi. Aliogopa sana.

Siku moja jirani yao, afisa ustawi wa jamii wa hospitali, alikuja kuchukua gauni lake. Alipoingia tu akakunja pua. Akaomba kuuona mkono, akautazama, kisha akavuta kiti.

"Shemeji, nani kakudanganya? Shahidi ni maandishi ya daktari, si kidonda. Usipotibiwa, hayo maandishi yatatoka wapi? Na vidole vikikatwa kwa sababu ulikaa nyumbani, wenye bima watasema umejitakia."

"Na hela?" fundi akauliza kwa sauti ndogo.

Jirani akaeleza bila haraka. Matibabu hayangoji fidia. Waende ofisini kwake waseme hali yao ilivyo, waombe kulipa kidogo kidogo. Mwajiri aombwe barua ya kukubali kwamba ajali ilitokea kazini. Risiti zote zitunzwe, za dawa na hata za nauli, kwa kuwa gharama hizo zinaweza kudaiwa kwenye fidia. Tena fundi asiharakishe kutia sahihi malipo ya mwisho kabla daktari hajasema mkono umepona kiasi gani. Akishasaini, huenda asiweze kudai tena.

Fundi alijiinamia. Kisha akamwomba mkewe amsaidie kuvaa viatu.

Hospitalini walikubaliwa kulipa kwa awamu. Daktari alimgombeza kidogo, akamsafisha, akampa dawa. Uvimbe ulipopungua, yakaja mazoezi ya vidole, na fundi akalalamika kuliko mtoto anayeota meno. Mama hakumbembeleza. Kila jioni alimpa sindano amtungie uzi, na akikosa alimcheka mpaka naye akacheka.

Fidia ilichelewa, lakini ilikuja. Wenye bima walipoleta karatasi za malipo walimkuta fundi karakanani, katikati ya kazi. Ilibidi aweke randa chini ndipo atie sahihi, kwa mkono wake wa kulia.