Ufa Chini ya Vanishi

Kila siku baada ya shule, pacha wawili walipitia karakana ya shangazi yao, fundi seremala, kufagia maranda na kupanga mbao. Msichana aliitwa Sindano kwa wembamba wake. Kaka yake aliitwa Radi, na jina hilo hakulipata bure. Siku hiyo alimchapa Sindano mgongoni kwa mpini wa fagio kwa sababu tu alikuwa amesimama njiani.

"Sogea, mfupa wewe!"

Sindano akamrushia kipande cha mbao kikampata gotini. Wakakunjana mashati wakagaragara kwenye maranda mpaka shangazi akawatenganisha.

"Mlianza kupigana tumboni mwa mama yenu," alisema akihema. "Hamchoki?"

Jumamosi kulikuwa na mchujo wa timu ya shule ya kulenga shabaha, na kila mshiriki alitakiwa kuja na upinde aliojitengenezea. Radi alichonga wake kwa kijiti kimoja, ukavunjika. Sindano alifuata njia ndefu. Shangazi alimsaidia kuranda mbao tatu nyembamba, wakazipaka gundi, wakazilaza moja juu ya nyingine kwenye kalibu, ubao uliochongwa kwa umbo la upinde, kisha wakazikaza kwa vibano vya chuma.

"Gundi ikae mpaka kesho kutwa," shangazi alimwonya. "Usivifungue hata mkono ukikuwasha."

Kesho yake shangazi alikwenda kufunga makabati kwa mteja, akalala hukohuko. Mkono ukamwasha Sindano, akavifungua vibano. Karibu na ncha ya juu, mbao mbili zilikuwa zimeachana kwa upenyo wa kupitisha ukucha. Akisema, ataambiwa aanze upya, na mchujo utampita. Basi akachanganya unga wa mbao na gundi, akaujaza upenyo kwa kidole, akapiga msasa, akapaka vanishi. Upinde ukang'aa kama kijiko kipya.

"Ulisubiri gundi ikauke?" shangazi aliuliza aliporudi.

"Nilisubiri, shangazi."

Asubuhi ya mchujo, Sindano aliujaribu upinde nyuma ya karakana. Kabla hajauvuta hata nusu, akasikia "tik" ndani ya mbao. Akaulegeza haraka. Hapo hapo Radi akatokea.

"Lete."

"Wangu!"

Radi akamsokota mkono. Sindano akamng'ata. Ngumi ya Radi ikamtua mdomoni, midomo ikapasuka, na upinde ukabaki mikononi mwa Radi. Radi alipopachika mshale, Sindano alifumbua kinywa amwambie kuhusu ule ufa. Akasikia ladha ya damu yake mwenyewe.

"Huuwezi huo," akasema badala yake. "Mikono yako ni ya kupiga watu tu. Vuta mpaka sikioni tuone."

Radi akavuta mpaka sikioni. Upinde ukapasuka kwa kishindo, na kipande cha juu kikarudi kwa nguvu kikampiga usoni. Akaanguka magoti, damu ikimchuruzika kati ya vidole.

"Jicho langu! Sioni!"

Shangazi alimbeba mbio hadi zahanati. Muuguzi alimshona nyusi, lakini jicho lilikuwa limevimba likajifumba. Alisema hawezi kujua kama litaona mpaka uvimbe upungue.

Baba yao, mchomeleaji vyuma, aliposikia hayo hakuuliza la pili. Alikwenda moja kwa moja karakana, akakamata nyundo, akaanza kuvunja. Kibano kimoja kikakatika, kingine kikapinda, meza ikapasuka.

"Umempofua mwanangu kwa gundi yako mbovu!" alimfokea dada yake, akamsukuma ukutani. Nyundo ikapanda juu.

"Baba, ni mimi!" Sindano alijitupa katikati yao. "Gundi haina kosa. Nilifungua mapema, nikaziba, nikamdanganya shangazi. Na nilijua upinde utapasuka, baba. Nilijua, nikamwambia Radi avute!"

Baba akamgeukia, nyundo ikiwa bado juu. Shangazi akamdaka kifundo cha mkono.

"Kaka, damu ya leo inatosha."

Nyundo ikaanguka. Baba akakaa chini kwenye maranda, akalia kwa sauti.

Baada ya siku chache uvimbe ulishuka, na jicho la Radi likaona. Sindano alikuwa ameshamweleza yote, akiwa amesimama mbali kidogo na kitanda.

"Si ungesema tu!" Radi alilalama.

"Ulikuwa umenipasua mdomo."

Radi akautazama mdomo wa Sindano, uliokuwa bado na kidonda. "Kweli," akasema. "Nisamehe."

Mchujo uliwapita wote wawili. Baba alivichomelea upya vibano alivyovivunja, akavirudisha mwenyewe, akamwomba dada yake msamaha mbele ya watoto. Pacha wakaanza upinde mwingine pamoja, na safari hii walisubiri. Vibano vilipofunguliwa, Sindano akauinua kwenye mwanga.

"Shangazi, hapa pameachana kidogo."

"Aa, hapa tu?" Shangazi akaingiza gundi kwa ncha ya wembe, akapabana tena. "Kesho kutwa patakuwa pamekauka."

Akafuta mikono, akawatazama pacha, kisha baba yao aliyesimama mlangoni.

"Sikilizeni, wanangu. Ufa ukisemwa ni kazi ya gundi. Ukifichwa, unakuwa kazi ya daktari. Anayeficha ana kosa lake. Lakini na sisi tunaopiga kabla ya kuuliza tunafundisha watu kuficha. Nyumba hii, kuanzia leo, mtu akisema kosa lake, asikilizwe kwanza."

"Nimesikia, dada," baba akajibu.