Konrodi Mbili za Fundi Waweru

Wenzangu wa mtaa wa Wabera, nisikilizeni. Nanyi vijana msikae mkingoja mahali pa kuchekesha, kwa maana katika habari hii hapapo.

Katika mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ukame, asubuhi zetu zilikuwa bado na amani. Baada ya adhana, Rahab, mke wa fundi Waweru, aliwasha jiko na kumnyonyesha mwanawe Wakonyo, huku mumewe akianza kugonga vyuma katika gereji iliyokuwa mbele ya nyumba yao. Sisi majirani tuliamka kwa mlio huo.

Kazi ya Waweru ilikuwa kununua injini zilizokufa na kuzifungua. Alisukuma pini, pistoni ikaachana na konrodi, yaani ule mkono wa chuma unaoishikilia. Kila konrodi aliiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha, akaipaka chaki. Chaki ikibaki nyeupe, chuma ni kizima. Ukitokea mstari mweusi, pana ufa, kwa kuwa mafuta yaliyojificha ndani hutoka nje. Kisha aliining'iniza kwa waya na kuigonga. Nzima hulia kama kengele, mbovu hulia kama sufuria iliyopasuka. Iliyo mbovu aliikata alama ya msalaba kwa tindo, asije mtu akairudisha katika injini. Ndivyo alivyofunzwa na fundi aliyemlea kazini.

Ukame ulipozidi, malori ya mahindi hayakupumzika, na vipuri vipya havikupatikana. Hapo ndipo tamaa ilipoingia. Waweru aliliweka tindo kando. Konrodi zenye ufa alizipaka grisi na masizi, akaziuza pamoja na zile nzima. Wenzangu, uovu wa namna hii hauji kwa kelele. Huanza kwa kuacha kazi ndogo ambayo hakuna anayekutazama ukiifanya.

Ikafika siku alipobaki na konrodi mbili za aina moja, moja nzima na nyingine yenye ufa. Dida, dereva wa Garbatulla, alihitaji moja kwa lori lake, na katika lori hilo Rahab alikusudia kusafiri na mtoto kwenda kuuza majani ya chai na sabuni. Kwa hiyo Waweru alikata shauri kumfungia Dida iliyo nzima. Ile yenye ufa angempa Ntongai, dereva wa Meru. Zote mbili zilikuwa nyeusi kwa grisi. Zilikaa kwenye benchi moja, bila alama, na kutoka hapo alichukua moja akaifunga katika lori la Dida.

"Baba Wakonyo, usiyaache maharagwe yaungue," Rahab alisema kutoka ndani ya lori.

"Nenda salama, mama. Injini hiyo nimeifunga mimi mwenyewe."

"Basi hata ngamia wa Sericho hatanipita!" Dida alicheka, akaondoa gari.

Jua lilipokwisha kuwa kali, Ntongai aliwasili kwa pikapu ya kuazima. Aliichukua konrodi yake, akaigeuza.

"Fundi, chuma hiki umekipaka mafuta kama bibi harusi. Unaficha nini?"

"Kutu tu."

"Mimi sioi bila kumwona. Lete waya."

Waweru alileta waya. Ntongai aliitundika konrodi, akaigonga kwa nyundo. Ililia, na mlio ukakawia hewani.

"Lo! Hii ni nzima kabisa. Nimekushuku bure, ndugu yangu."

Waweru alimnyang'anya nyundo, akagonga tena. Aliiosha konrodi ile kwa mafuta ya taa, akaipaka chaki, akaingoja. Chaki ilibaki nyeupe.

"Mbona unaipima tena?" Ntongai aliuliza. "Watu hufurahi wakisikia mlio huo."

"Mke wangu anayo ile nyingine," Waweru alisema. "Mke wangu na mtoto. Washa gari, nakusihi, washa gari!"

Waliifuata njia ya Garbatulla. Barabara ilikuwa mawe matupu, na Waweru alishikilia mlango kana kwamba angeweza kuusukuma mbele. Kila alipoona kitu cheusi kando ya njia, alipiga kelele, "Simama!" Wakasimama, kumbe ni mzoga wa ng'ombe aliyekufa kwa kiu. Wakaendelea. Akapiga kelele tena, na tena ulikuwa mzoga. Mwishowe Ntongai aliacha kusimama.

Karibu na kijiji cha Kula Mawe waliona moshi.

Injini ya lori lile ilikaa kati ya dereva na abiria, chini ya kifuniko cha bati. Konrodi ilikuwa imekatika ikiwa katika mwendo, ikatoboa injini na kifuniko, na mafuta yaliyokuwa yakichemka yakamrukia Dida. Alikuwa amelazwa juu ya turubai, mguu wake umeiva hadi gotini, akiita jina la mama yake. Rahab aliketi kando yake akimpepea kwa leso, mtoto mgongoni, nywele zake mwenyewe zimeungua upande mmoja.

Waweru alipiga magoti. "Mama Wakonyo! U mzima!"

Rahab aliacha kupepea, kwa maana hakuwa amemtuma mtu kumwita.

"Umejuaje?" aliuliza.

"Nilijua moja ni mbovu. Nilidhani nimewapa ninyi iliyo nzima."

"Na mbovu ilikuwa ya nani?"

Waweru aligeuka, akamtazama Ntongai. Ntongai, aliyekuwa amesimama nyuma yake, aliweka chini mtungi wa maji, akarudi nyuma hatua moja, akamwangalia kama mtu aliyemwona nyoka ndani ya kiatu chake.

Walimpandisha Dida katika pikapu, Rahab akapanda naye. Waweru alipotaka kupanda, Ntongai alifunga mlango. "Wewe utatembea," alisema. Rahab hakumtetea.

Dida alikatwa mguu. Rahab alirudi kwa wazazi wake, Nyeri, na mtoto wake. Waweru alikaa nasi miaka mingine, lakini hakuna dereva aliyemletea injini, wala jirani aliyempelekea sahani ya chakula.

FUNZO

Ninyi mnaouza, mnaotengeneza na mnaopika, shikeni neno hili. Mtu anayeificha hatari huwa amekwisha kukubali kwamba binadamu fulani ataumia. Kujifariji kwamba hatakuwa mtu wa nyumbani kwako si huruma. Ni kumchagua mtoto wa mwenzako. Kilicho kibovu, kitieni alama mbele ya watu wote, hata kama mtalala njaa siku hiyo.