Sufu ya Kondoo wa Mchumba

"Mchukue kondoo wako, Attia. Na posa yako nenda nayo."

Haji Bouziane aliyasema hayo langoni, majirani wakisikia. Hapa Djelfa, Idi ya kuchinja ikikaribia, mchumba hupeleka kondoo dume ukweni, na sharti awe amekula pakanga, vichaka vichungu vya nyikani. Kouider, mfanyabiashara wa chakula cha mifugo, alikuwa amemnong'oneza mzee kwamba wa Attia kanoneshwa kwa mahindi. Kouider huyo huyo ambaye matrekta yake yaliipindua nyika ya babu zetu, tukaambiwa ni maendeleo. Hatujasahau. Na sasa alimtaka binti wa Haji kwa mwanawe.

Binti mwenyewe, Kheira, alikuwa mtaalamu wa maabara. Alimwomba baba yake subira, akakata fungu la sufu ya kondoo yule, toka ncha hadi ngozini, akaondoka nalo.

Attia akampigia simu.

"Sufu itakwambia nini?"

"Alichokula. Mahindi yana kaboni nzito kuliko pakanga, na inabaki humo. Ncha ni ya zamani, shina ni la juzi."

"Kwa hiyo unanipima mimi."

"Nakupima. Nikikuta uongo nakuacha mwenyewe, wala si baba."

Wiki ya Idi ukaja ujumbe: "Ncha ni mahindi. Njoo nyumbani." Attia hakula siku hiyo.

Alimkuta Kouider keshakaa, na kikapu cha tende miguuni.

"Nilisema mie," Kouider akacheka. "Mahindi matupu."

"Ami Kouider, ulijuaje?" Kheira akauliza taratibu.

"Nikose kujua? Si nimemlisha mwenyewe, bandani kwangu..."

Akajiziba mdomo. Alikuwa kachelewa.

"Mimi uliniuzia kama kondoo wa nyikani," Attia akasema.

"Ncha ni mahindi ya Ami Kouider," Kheira akamgeukia baba yake. "Kuanzia katikati mpaka kwenye ngozi ni pakanga. Attia kamchunga baridi yote, kule mbali matrekta yasikofika."

Haji akakisukuma kikapu kwa mguu.

"Tende zako, Kouider. Nenda nazo." Kisha akamtazama Attia. "Na wewe, mkwe, unamwachaje mnyama juani? Muingize."

Walioana baada ya mavuno. Sufu ya kondoo yule iliingia kwenye burnusi, joho la bwana harusi, shina tu. Ncha Kheira alizitia kwenye bahasha, akampelekea Kouider pamoja na mwaliko.