Ubao Ulioachwa Mlangoni

Siku Synne alipomgonga Torjus kidevuni, mvua ilikuwa ikinyesha Bergen, jambo ambalo halijawahi kumshangaza mtu wa Bergen. Stesheni ilifurika watu wa Jumatatu asubuhi, kila mmoja na kahawa yake mkononi na haraka yake usoni. Synne alikuwa ndani ya koti la mvua la manjano, la dada yake, lililomzidi kwa saizi mbili. Kwapani alikuwa amebana ubao mrefu wenye mkono uliochongwa mfano wa farasi mdogo. Treni yake ilipotangazwa akageuka ghafla, na ubao nao ukageuka.

"Aaah!"

"Samahani! Samahani sana, kaka. Nimekuumiza?"

Kijana alikuwa mrefu, mwenye sweta nzito ya kijivu na vumbi la mbao mabegani. Aliutazama kwanza ubao, kisha ndipo akamtazama mwenye ubao.

"Huo si ubao wa kunyooshea nguo? Ule wa posa?"

"Unaujua?"

"Mimi ni fundi wa mashua. Babu yangu alichonga wa kwake majira mawili ya baridi. Ila nijuavyo mimi, dada, mwanamume ndiye anayechonga, akautundika mlangoni kwa binti. Binti haji stesheni kumvizia mtu na kumtwanga nao."

"Mambo yamebadilika siku hizi."

"Naona. Basi nimekubali. Harusi lini?"

Synne akacheka hadi kofia ya koti ikamwanguka, na treni ikaondoka bila yeye.

Alikuwa na miaka ishirini na minne, na mwaka ule alikuwa kwenye mafunzo ya kazi katika jumba moja la makumbusho ya historia. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana wa shule. Zamani za pasi kutojulikana, wanawake walizungushia shuka kwenye mchi wa mbao na kuuviringisha kwa ubao kama ule hadi shuka inyooke, na ubao mzuri kuliko yote ulikuwa ule wa mchumba. Binti akiuingiza ndani, amekubali. Akiuacha mlangoni, amekataa, na ubao uliokataliwa hautundikwi tena kwa mwingine. Watoto walipenda hadithi hiyo kuliko vita na wafalme wote, ndiyo maana Synne akawatungia mchezo: mmoja anatundika ubao kwenye mlango wa darasa, mwingine anakuwa binti, anakubali au anakataa kwa maneno makali ya kuchekesha.

Kabla ya mchezo kulikuwa na sheria aliyoiandika kwa chaki ukutani mwa darasa kila siku: tazama, uliza, ndipo useme. "Kitu husema chenyewe," aliwaambia. "Kisome kwanza."

Kufikia Novemba mapenzi yalikuwa yamekolea. Torjus alimwita Mwalimu, yeye akamwita Fundi wangu, na simu zao hazikuwa na mwisho.

"Mwalimu, umekula?"

"Nimekula mkate na jibini ya kahawia."

"Hicho si chakula, mpenzi, hicho ni vitafunio. Njoo, nina supu ya samaki."

"Uliipika mwenyewe?"

"Mama ameipika, mimi nimeipasha moto. Kupasha nako ni ufundi."

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Synne alijaribu kukiziba kikohozi kile. Katika chakula cha Krismasi cha ofisini, katikati ya mbavu za kondoo na wasomi wenye miwani, mkurugenzi alimuuliza kijana huyu aliyekuja naye ni nani. Synne alikuwa amevaa gauni la kijani la mahameli, anatamani kuajiriwa, na wote waliokuwa mezani walikuwa na shahada mbili mbili. Akasema, "Huyu? Ni fundi, ananisaidia vifaa vya watoto."

Torjus alimpa mkurugenzi mkono. Njiani kurudi alitembea hatua moja mbele, na Synne, kwa woga, hakuuliza kwa nini.

Mwezi Machi Torjus akapata barua kutoka Tromsø, kaskazini kabisa. Karakana moja ya mashua ilimtaka.

"Utakwenda?" Synne akamuuliza kwenye simu.

"Wanataka jibu Ijumaa. Jibu langu linategemea jambo moja."

"Jambo gani?"

"Subiri Alhamisi, Mwalimu. Wewe mwenyewe huwafundisha watu wasiwe na pupa."

Alhamisi hiyo basi la shule lilichelewa dakika arobaini. Synne alipanda ngazi mbiombio, wanafunzi ishirini na wanane wakimfuata na viatu vilivyolowa. Kwenye mlango wa darasa palikuwa na ubao mpya. Wiki nzima walikuwa wakingojea ubao mwingine wa mchezo kutoka kwa mchongaji wa mji wa Voss, na Synne akadhani ndio umefika. Utepe mwekundu ulifunika nusu yake ya chini. Hakuutazama mara mbili.

"Haya! Posa imekuja!" akapaza sauti. "Leo binti ni mimi. Nikubali nisikubali?"

"Kataa!" darasa likapiga kelele.

Synne akashika kiuno, akaubetua mdomo. "Nani huyu? Fundi wa mbao? Mimi niolewe na fundi? Mwambieni mkono wake mzuri, lakini meza yetu haina kiti chake!"

Watoto wakaangua kicheko, wakaingia darasani, ubao ukabaki mlangoni. Kwenye kona ya korido, nyuma ya kabati la makoti, mtu alikuwa amesimama na kofia mkononi. Naye alicheka mwanzoni. Kisha akashuka ngazi.

Msichana mmoja, Hibo, alikuwa hajaingia. Alikuwa ameusogeza utepe pembeni.

"Mwalimu, mbona huu umeandikwa mwaka huu?"

"Mwaka gani?"

"Huu wetu. Na hapa pana herufi, S na T. Chini pana stesheni, na treni inaondoka." Akamtazama. "Wewe unaitwa Synne, si ndiyo?"

Synne akausogelea ubao. Alisoma herufi moja moja kwa kidole. Kulikuwa na hata koti dogo la mvua, limechongwa likimpwaya mwenyewe.

Alimpigia simu mara tisa. Ya kumi ikapokelewa.

"Torjus, mpenzi wangu, sikujua! Nilidhani ni ule wa darasani!"

"Najua, Synne."

Hakumwita Mwalimu. "Unajua? Basi rudi!" akasema Synne.

"Nilijua palepale ni mchezo. Nikasema moyoni, ngoja nione atasema nini, huyu ana maneno. Halafu ukasema."

"Nilikuwa nachekesha watoto!"

"Na Krismasi ulikuwa unachekesha nani?"

Synne akakaa sakafuni, ubao mapajani.

"Siku ile nilisubiri uniombe radhi njiani," Torjus akasema taratibu. "Nikasubiri hadi Machi. Nikajiambia nikichonga vizuri sana, labda kiti kitapatikana. Leo nimesikia jibu, hukulitafuta hata kidogo. Lilikuwa tayari mdomoni."

"Nakupenda."

"Mimi pia. Nimewapigia wa Tromsø. Naondoka Jumamosi."

Gunnvor, msimamizi wa Synne kazini, mama wa makamo aliyemfungulia Torjus mlango asubuhi ile na kumtunzia siri, alimkuta sakafuni ameupakata ubao. "Mwanangu," akasema, "ningekuonya, lakini aliniapisha." Akakaa sakafuni naye, na sketi yake nzuri ya kazini, mpaka alipomaliza kulia.

Tangu siku hiyo Synne hakuficha tena. Chai ya saa nne, mbele ya mkurugenzi na miwani yote, alisema, "Yule fundi alikuwa mchumba wangu, na mimi nilimkana." Mkurugenzi akakoroga chai yake na kusema kwamba baba yake pia alikuwa seremala. Synne alitamani ardhi ipasuke.

Akaomba patasi kwenye karakana ya makumbusho. Wiki saba, vidole vimefungwa plasta, alichonga chini ya herufi za Torjus maneno mawili yake mwenyewe: *Fundi wangu*. Yalikwenda mshazari, na herufi ya mwisho ilibanwa ukingoni.

Tarehe kumi na saba Mei, sikukuu ya taifa, akapanda ndege ya alfajiri kwenda Tromsø. Alivaa vazi la kwao la sikukuu: sketi nyeusi ya sufu, kizibao chekundu cha shanga, blauzi nyeupe na kifungo cha fedha cha bibi yake shingoni. Pale uwanja wa ndege mlinzi akaunyanyua ubao.

"Hiki nini, dada?"

"Ni cha mchumba wangu," Synne akajibu kwa sauti, foleni nzima ikasikia. "Ni fundi wa mashua. Fundi hasa."

"Hongera basi," akasema mlinzi.

Nyumba ya Torjus ilikuwa ndogo, ya mbao za njano, juu ya karakana. Hakukuwa na mtu. Mji wote ulikuwa kwenye maandamano ya watoto. Akautundika ubao mlangoni, akavuka barabara, akakaa kwenye benchi la kituo cha basi. Theluji chafu ilikuwa bado kandoni mwa njia. Aliketi kwa muda wa saa tano, bendera ndogo zikipita mikononi mwa watoto wenye aiskrimu.

Torjus alikuja saa tisa, amevaa suti ya buluu ambayo Synne hakuijua. Akasimama mlangoni. Kwanza alitazama, kama mtu aliyefundishwa. Kidole gumba kikapita juu ya stesheni, juu ya koti, kikafika kwenye maneno yaliyokwenda mshazari, na hapo kikakaa muda mrefu.

Akageuka, akamwona. Synne alisimama. Barabara ilikuwa tupu. Hatua kumi zingetosha. Torjus alivua kofia yake, macho yamejaa machozi, akamwinamishia kichwa. Kisha akaona ubao umekaa upande, akaunyoosha vizuri kwenye msumari wake, maana fundi hawezi kuacha kitu kimepinda.

Akafungua mlango, akaingia, akaufunga polepole.

Mabasi mawili yakaja yakaondoka. Synne hakuhitaji kumuuliza mtu maana yake. Watoto mia tano wa Bergen walikuwa wameijifunza kwake. Akavuka barabara, akautungua ubao kwa mikono miwili, mmoja chini na mmoja kando, vile anavyowafundisha wabebe vitu vya watu wa zamani.