Mabega ya Mwanamke wa Ukutani

— Connie ametoka vizuri. Hata kwenye kioo hajawahi kupendeza hivi, alisema Mzee Munyaneza, akiutazama ukuta wa duka lake la ushonaji.

Kanyange, fundi wake, aliukazia macho ukuta huo huo. Mwanamke aliyechorwa pale alikuwa mrefu kama mtu halisi. Alikuwa amewageuzia kisogo wapita njia wa Nyamirambo, hereni moja inaning'inia, mwilini ana gauni jekundu lenye mikono ya puto. Gauni hilo Kanyange alimshonea Connie, mteja wao, kwa wiki nzima. Na siku mbili mfululizo alikuwa amemwona Connie akisimama nalo mbele ya mchoraji, akijigeuza huku na huku, akicheka.

Mchoraji huyo ni Évode, mchumba wa Kanyange, ambaye Jumapili angeleta wazee kwao kumposa.

Asubuhi hiyo Kanyange alimpelekea kikaratasi: "Jumapili usilete mtu kwetu. Posa mpelekee uliyemchora."

Saa sita Évode akaja mbio, vidole vina rangi, kikaratasi kimekunjamana mkononi.

— Kanyange, sha, mpenzi, umeona nini?

— Nimeona kiuno cha mtu. Naona unakijua vizuri.

Évode akaeleza kwamba alitaka tu kuona mikunjo ya gauni inavyoanguka, si mwili wa Connie, na mwenye gauni ndiye aliyekuwepo.

— Ndiyo maana ukaficha uso? Unadhani sitamtambua, mimi ninayemshonea?

Akafungua daftari la vipimo. Connie, mabega: arobaini na mbili. Akachukua futi yake ya kupimia, akatoka nje. Alitaka mtaa mzima uone uongo wa Évode kwa sentimita. Wateja wa kinyozi jirani wakatoka kumtazama fundi akimpima mwanamke wa rangi.

Thelathini na nane.

Akapima tena. Thelathini na nane, na bega la kulia limeshuka kidogo, kama la mtu aliyezungusha gurudumu la cherehani kwa miaka. Kipimo hicho hakuhitaji daftari kukijua.

— Haya mabega ni ya nani? aliuliza, sauti imepungua.

— Koti lako la kazi, lile unaloliacha nyuma ya mlango. Nililibandika ukutani nikalizungushia chaki. Gauni ni la Connie. Aliyelivaa ni wewe.

— Na uso?

— Nilipomwomba baba yako ruhusa ya kukuchora, alisema hataki uso wa binti yake utazamwe na kila mlevi anayepita. Nikaugeuza. Ningewezaje kumvunjia heshima halafu Jumapili nikapige hodi kwake?

Mzee Munyaneza, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alikohoa, akakumbuka kwamba ana kazi ndani.

Kanyange alikuwa akiizungusha futi kidoleni, akiifungua, akiizungusha tena. Kisha akanyoosha mkono.

— Lete hicho kikaratasi.

Évode akampa. Kanyange akakinyoosha juu ya goti, akakigeuza, akaandika kwa chaki ya kukatia nguo:

"Waje saa nne, baba hapendi kusubiri. Connie akija, asivae jekundu."