Kibodi ya Marehemu

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kompyuta, na mpaka leo akiyasimulia hacheki.

Shangazi yake alimwita aifufue kompyuta ya marehemu mumewe, maana picha zake zote zilikuwa humo. Ilitumia mfumo wa Linux, si Windows iliyozoeleka. Baada ya kusasishwa, ikawa ukiiwasha kioo ni cheusi tii, haiendi mbele wala nyuma.

Fundi aliiwasha kwa flashi yenye programu ya kurekebisha, akaiacha ijirekebishe. Kama kawaida yake, akachomoa kibodi na kutoka nayo, mtu asije akabonyeza kitu kazi ikavurugika. Akafunga mlango, akaketi na shangazi sebuleni, ambako mapazia hayakuwa yamefunguliwa tangu msiba.

Mara kule chumbani kukasikika ta... ta... ta. Mtu anaandika.

“Umemwacha nani mle, mwanangu?”

“Sijamwacha mtu, shangazi.”

Shangazi akatega sikio, machozi yakimlengalenga. “Kidole kimoja,” akanong’ona. “Ndivyo alivyokuwa akiandika.”

Fundi akaitazama kibodi mapajani mwake, waya wake ukining’inia. Kila mlio ulipotoka kule ndani, kitufe kimoja kilizama chenyewe, kisha kikainuka.